Vyura Waliomwongoza Mama Mkwe

Tulikuwa watu watano, na nitawataja kwanza ili msichanganyikiwe. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Dadamu, upande wa Arua, nikaolewa Dranya, upande wa Koboko. Mume wangu, mtoto wa kwanza wa nyumba ile, dereva wa gari la serikali kule juu Arua Hill, ambaye alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, mjane, asiyeona kwa macho yote mawili. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, kijana aliyelima tumbaku na aliyekuwa bado hajaoa. Na jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Kongo na biashara yake ya chumvi, sabuni na mandazi. Huyu hakuwa ndugu wa damu wa mtu yeyote pale, lakini alichota maji mahali tulipochota sisi, na kwetu hilo lilitosha.

Majina yao yote ninayo. Ninayo na majina ya baba zao, na jina la ng'ombe aliyechinjwa siku ya harusi yangu. Lakini sitayaandika. Shemeji yu hai, na ameniambia, andika, ila mimi usinitaje. Basi ili nisimwache peke yake bila jina, nimewaacha wote hivyo hivyo.

Shule yangu iliishia darasa la tatu. Ninaandika kwa sababu mjukuu wangu wa kike, ambaye ni mwalimu, aliniuliza juzi kama niliwahi kumwona chura mmoja mdogo wa kijani anayekaa kwenye chemchemi zenye miti. Anasema siku hizi amebaki mahali pachache sana, na kuna watu wanazunguka wakimtafuta. Nikamwambia aketi. Mtu anaulizwa habari za chura, kumbe ameulizwa habari za mama mkwe wake.

Niliolewa mwaka wa sabini na mbili. Katika nyumba ile desturi ilikuwa kwamba bibi harusi haendi majini mpaka mama mkwe mwenyewe amwonyeshe njia. Kabla ya hapo unakunywa na kuoga maji ya kuchotewa, kama mgeni, hata ukiona aibu. Mimi niliona aibu sana, lakini zaidi nilijiuliza: mama huyu haoni, nani atanipeleka? Nikadhani watamtuma jirani.

Jioni moja, jua limeshapoa, mama mkwe akatoka ndani na mtungi kichwani. Fimbo hakushika. Fimbo alisema ni ya wazee, na yeye, wajukuu bado hajawaona. Akatangulia. Mimi nyuma, na mtungi wangu mpya.

Lugha yetu ya kuongea ilikuwa Kiswahili, maana mimi nilikuja na Kilugbara changu na yeye alikuwa na Kikakwa chake. Kiswahili chake alikipata kwa marehemu mumewe, aliyekuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza, wakaishi kambini miaka mingi. Cha kwangu nilikipata soko la Arua. Kwa hiyo chake kilikuwa na amri nyingi, na changu kilikuwa na bei nyingi, na katikati hapo tukaelewana.

Njia iliteremka katikati ya mashamba ya mtama na mihogo, halafu ikagawanyika mara mbili. Pale akasimama.

"Weye iko na macho," akaniambia. "Sasa funga."

Nikafunga.

"Unasikia nini?"

Nikamwambia nasikia mtu anatwanga.

"Huyo iko jirani. Yeye natwanga tangu asubuhi, sijui nakula na nani. Sikia chini yake."

Nikasikiliza tena. Mkono wa kushoto kulikuwa na sauti nzito, kama mzee anayesafisha koo ndani ya pipa. Mkono wa kulia, mbali, kulikuwa na sauti nyepesi mno, kama mtu anagonga ukingo wa kikombe cha bati kwa ukucha. Ti, ti. Kimya. Ti, ti, ti. Nilipoisikia mara moja, sikuweza tena kutoisikia.

"Hii kubwa iko ya mashimo," akasema. "Ukifuata yeye, utavunja mguu. Hii dogo iko ya maji. Yeye hapana danganya."

Mashimo aliyosema yalikuwa mashimo ya matofali. Wanaume wa pale walichimba udongo bondeni kufyatua matofali, na kila mwaka mashimo yaliila njia kidogo. Kingo zake zilikuwa kama ukuta na chini kulikuwa na maji ya matope hata kiangazi. Vyura wakubwa walipapenda. Chura mkubwa yeye anakaa popote, mradi pana tope, hata kwenye alama ya tairi. Lakini wale wadogo hawakuwahi kukaa mashimoni. Walikaa chemchemini tu.

Ndipo nilipoelewa. Wanawe waliamini kwamba miguu ya mama yao imeikariri njia. Lakini njia ilihama kila msimu: mtu akilima hapa, ng'ombe wakipita pale, shimo likibomoka. Hakuikariri njia. Aliwafuata vyura. Macho yake yalikwenda polepole, kwa ugonjwa ule wa inzi weusi wa mtoni, na wakati yanakwenda yeye alikuwa anajifunza kusikia, bila kumwambia mtu.

Alinishika mkono pale njia panda. "Hii, mimi na weye tu. Vijana wakijua, watasema mama kaa."

Nikamwahidi. Na sitaki mfikiri aliogopa kazi au alitaka sifa. Kila kitu kingine alifanyiwa. Alipakuliwa, alifuliwa, alipelekwa kanisani akishikwa mkono, na aliyemshika aliongea na watu wengine juu ya kichwa chake. Maji peke yake ndiyo aliyokwenda kuyachukua mwenyewe na kuyaleta nyumbani. Akitua mtungi ule, nyumba nzima ilikunywa kwa mkono wake.

Chemchemi yenyewe niwaeleze ilivyokuwa, maana haiko tena vile. Maji yalitoka katikati ya mawe, chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake ilishika mawe kama vidole. Jua halikufika chini. Pembeni palijaa majani mapana yenye kuinama juu ya maji, na ndiko walikolala vyura mchana. Ungeweza kumtazama usimwone. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba, kijani kama jani jipya la kunde, na mstari mweupe ubavuni, na vidole vyake vina vitufe vidogo vya kushikia. Mayai waliyabandika chini ya jani, juu ya maji, ndani ya kitu laini kama ute wa bamia. Yakikomaa, watoto wanadondoka majini wenyewe. Jani lisipokuwepo, mtoto hana pa kuanzia. Mama mkwe alinifundisha kuchota kwa kibuyu polepole bila kuvuta majani. Nikivuta, aliisikia sauti ya jani na kusema, "Unakata kitanda ya mutu."

Jirani wa Kongo tulimtania sana habari za vyura wale. Mama mkwe akimsikia anashuka, alisema kwa sauti, "Vyura, jificheni, Kongo nakuja na sufuria." Na yeye akajibu, "Hapana ogopa, mama mukubwa. Hawa hata jino haiwezi kushika. Nangoja ile ya mashimo inenepe." Kisha walicheka wote wawili na kusaidiana kuinua mitungi. Jirani alikuwa mtu wa kwaya. Hata kuosha sufuria aliosha kwa wimbo wa kanisa, na siku aliponyamaza tulijua anaumwa.

Tukaenda hivyo miaka mitatu. Nikapata mtoto wa kwanza, mama mkwe akawa bibi, na fimbo bado hakushika.

Shemeji naye alikuwa anahangaika na maisha yake. Alitaka kuoa, na kijana wa Dranya wakati ule hakuwa na njia nyingine ya kupata cha kuolea isipokuwa tumbaku. Tumbaku inaanzia kitaluni, wakati wa kiangazi, kabla mvua hazijaja. Miche ni midogo kama vumbi, inataka maji asubuhi na jioni, kwa hiyo kitalu hukaa karibu na maji. Mwaka uliotangulia aliweka kitalu nyumbani na miche ikafa kwa kiu. Mwaka huo akaamua kukiweka pale pale kwenye chemchemi.

Hakumuuliza mtu, na sikumlaumu wakati ule wala simlaumu sasa. Bonde lilikuwa la baba yao. Alifyeka upande mmoja wa maji, akakata majani yote, akaangusha miti miwili ili jua lifike, akachoma takataka, akalima matuta mazuri yaliyonyooka kama kitanda cha hospitali. Kuni alizipanga pembeni za kukaushia tumbaku baadaye. Kisha akaweka dawa ya wadudu kwenye matuta, kama alivyofundishwa, na kopo akaliosha kwenye mkondo. Angeliosha wapi? Maji yalikuwa hapo. Alifurahi sana. Aliniita nione, na kwa kweli palipendeza. Mtu aliyezoea shamba, akiona matuta safi namna ile, moyo wake unafurahi kabla hajafikiri lolote.

Mjukuu wangu ananieleza kwamba chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Anakunywa kwa ngozi. Kila kitu kilichomo ndani ya maji kinaingia ndani yake. Sisi hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba siku chache baadaye majani ya upande wa pili yalikuwa yamebaki, lakini yalikuwa hayana mtu.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyojua. Jioni ile nilikuwa ninachambua kunde, mtoto mgongoni, na mama mkwe alikuwa ametoka na mtungi wake kama kawaida. Kunde zikaisha. Moto nikauwasha. Yeye hajarudi. Nikashuka kumtazama, na nikamkuta njia panda, amesimama, mtungi kichwani, uso umeelekea bondeni. Mkono wa kushoto vyura wa mashimo walikuwa wanapiga kelele kama watu wa pombe. Mkono wa kulia hakuna kitu.

Hakugeuka. Alijua hatua zangu.

"Wamenyamaza," akasema.

Nikamwambia, Mama, twende, nitakushika mkono. Akakataa. Nikamwambia basi nitangulie mimi, wewe fuata sauti yangu. Akakataa hilo pia. Akasema tungoje kidogo, labda wamelala. Tukangoja. Mtoto akaanza kulia. Shemeji akapanda kutoka chini na kopo lake la kumwagilia, amechoka, ana furaha, akatukuta tumesimama kama wageni waliokosa nyumba. Akamuuliza mama anamngoja nani. Akamtua mtungi, akamshika mkono, akamleta nyumbani, na njia nzima alimweleza jinsi miche ilivyoota vizuri. Mtungi ulirudi mtupu. Nilikuwa sijaona jambo hilo tangu nifike nyumba ile.

Siku zilizofuata alisema anaumwa mgongo. Alikaa mlangoni. Jirani alipopita na utani wake wa sufuria, mama mkwe alimjibu kwa adabu tu, na hapo jirani akanijia jikoni akaniuliza nani amekufa. Nilitaka sana kumwambia shemeji, lakini nilikuwa nimeahidi. Na ahadi ile ilikuwa na meno pande zote mbili: nisiposema, vyura wanaondoka na yeye anabaki mlangoni. Nikisema, wanawe watajua alikuwa anatembea kando ya mashimo kwa kuamini chura, na atabaki mlangoni vile vile.

Mwisho wa mwezi mume wangu akaja na mkate wa Arua na nusu kipande cha sabuni, maana miaka ile sabuni ilikuwa kitu cha kuficha. Baada ya kula, shemeji akamweleza kaka yake mpango wake: kitalu kinaendelea vizuri, na anataka kufyeka upande wa pili pia, aongeze matuta. Mume wangu akasema ni wazo zuri. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, nyuma kidogo. Nikaona anasogea mbele.

Akasema mwenyewe. Hakuniachia mimi kubeba jambo lile, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

"Mimi natembea na chura," akawaambia.

Mume wangu akacheka, akidhani ni utani wa kila siku. Basi akawaeleza yote: sauti ya kushoto, sauti ya kulia, tangu macho yalipokwenda mpaka kitalu kilipowanyamazisha wale wadogo. Kicheko kikaisha. Na kile alichokiogopa kikaja papo hapo, tena kwa upendo, ndiyo ubaya wake. Mume wangu alikuwa karibu kulia. Alisema, kumbe miaka yote hii umepita kwenye mdomo wa shimo peke yako? Alisema kuanzia leo mama haendi majini. Yuko mke wangu, yuko jirani, utachotewa.

"Macho ilikwenda, nikanyamaza," mama mkwe akasema. "Baba yenu alikwenda, nikanyamaza. Maji mutaniachia."

Mume wangu akasema mama, si kukunyima, ni kukulinda. Yeye akasema gunia la mtama nalo linalindwa, linawekwa pembeni, panya wasilifikie. Wakavutana hivyo, mpaka mume wangu, ili amalize, akatoa neno lake kama mkubwa wa nyumba: vyura wakirudi, aende. Wasiporudi, akae. Nadhani aliona ni neno rahisi kulitoa, kwa kuwa hakuamini kwamba watarudi.

Shemeji alisimama akatoka nje, na sote tulidhani amekasirika.

Asubuhi, mume wangu alipokwisha kuondoka na lori la Arua, nilishuka kuchota. Nikamkuta shemeji amepiga magoti kwenye kitalu chake, anang'oa miche. Anaing'oa na udongo wake, anaipanga ndani ya karai, anaifunika na majani yenye maji. Nilidhani amerukwa na akili. Hakuinua kichwa.

"Shemeji," akasema, "nisaidie na lile karai."

Tukaihamisha yote, mimi, yeye na jirani, mpaka ukingo wa mashimo ya matofali. Maji ya pale ni ya matope, na yako chini, inabidi uteremke na kupanda na madebe. Karibu nusu ya miche ilikufa. Bwana wa tumbaku alipokuja kukagua alikunja uso, akauliza kwa nini umeacha mahali pazuri, na shemeji akamjibu kwamba pale pana mwenyewe. Akaoa msimu mmoja baadaye kuliko alivyopanga. Hajawahi kumdai mama yake jambo hilo kwa mdomo wala kwa jicho. Mimi niliyeishi naye ua mmoja ndiye shahidi.

Lakini vyura hawarudi kwa kuitwa. Kiangazi kiliendelea, upande uliofyekwa ulikuwa mwekundu kama kidonda, na jioni mkono wa kulia ulibaki kimya. Neno la mume wangu lilikuwepo, na mama mkwe, ambaye aliwabishia watu wote, hakupenda kuvunja neno la mtoto wake mkubwa. Akabaki mlangoni.

Aliyeleta dawa ni jirani. Alikuwa sasa anajua yote, nyumba zetu hazikuwa na kuta za kuzuia maneno. Siku moja alimpitia mama mkwe akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amesikia chura mmoja huko chini, si aende akahakikishe. Akatangulia. Mama mkwe akachukua mtungi. Mimi nikafuata nyuma kwa mbali.

Njia panda akasimama. Kushoto, kelele za kila siku. Kulia: ti, ti. Kimya. Ti, ti, ti. Nilishtuka kwa furaha. Kisha nikasikiliza vizuri. Chura yule alikuwa anapiga kwa mpangilio, anapumzika mahali pale pale, anarudia mwanzo. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisa.

Mama mkwe aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Huyu nasali," akasema, na akashika njia ya kulia.

Jirani alikuwa ameketi kwenye jiwe, anagonga kikombe cha bati kwa ukucha. Alipomwona hakuacha kugonga.

"Karibu kwetu, chura ya Kongo," mama mkwe akamwambia.

"Asante, mama mukubwa. Lakini leo hakuna kula mutu."

Akachota. Akarudi na mtungi umejaa, peke yake, na sisi wawili nyuma tukijifanya tuna mazungumzo yetu. Tangu siku hiyo, jirani akiwa na nafasi, aligonga yeye. Akiwa hana, shemeji aliacha madebe yake mashimoni akaja kugonga. Yeye hakujua kupokezana na kimya, aligonga mfululizo kama mtu anayebisha hodi, na mama mkwe alilalamika kwamba chura yule ana haraka ya kuoa. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema kwamba neno la mume wangu limevunjwa. Vyura walikuwa wamerudi, kwa namna fulani.

Mvua zikaanza. Upande uliofyekwa ukashika kijani, kwanza nyasi, halafu vichipukizi vya yale majani mapana. Jioni moja jirani alikuwa amevuka mpaka kutafuta sabuni, na ilikuwa zamu ya shemeji, lakini madebe yalimchelewesha. Mimi nilikuwa jikoni. Nilipotoka, mlangoni hapakuwa na mtu na mtungi haukuwepo.

Nilikimbia na mtoto mgongoni. Njia panda hakuna mtu. Mvua ya mchana ilikuwa imejaza mashimo, na vyura wakubwa walikuwa wanapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, bonde zima lilikuwa lao. Nikawaza, hawezi kusikia kingine, amewafuata hao. Nikashika njia ya kushoto nikiita. Shemeji akanisikia akatoka shimoni, matope mpaka magotini, akaniangalia uso tu akatupa madebe. Tulizunguka ukingo wote. Alishuka mwenyewe ndani ya maji akapapasa kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeacha kuita, namwangalia yeye.

Halafu akaniinulia mkono ninyamaze, ingawa nilikuwa kimya. Tukasikiliza upande wa chemchemi. Chini ya kelele zote zile, mara moja: ti.

Tulimkuta ameketi kwenye jiwe la jirani, miguu ndani ya maji, mtungi umejaa pembeni yake. Shemeji alipiga magoti palepale kwenye matope. Nikauliza kama wamerudi.

"Mmoja tu," akasema. "Sauti yake bado iko ya kitoto. Ngojeni, ajifunze."

Tukangoja, sisi watatu na mtoto. Shemeji alikuwa anakamua maji ya shimo kwenye shati lake. Yule chura alijaribu tena. Kisha mama mkwe akasimama, nikamsaidia kuinua mtungi, akatuambia tutangulie kwa sababu tunamzibia masikio.

Mwisho wa mwezi mume wangu alimfuata kwa nyuma mpaka majini, akarudi, akakata mkate, kipande cha kwanza akampa mama. Hatukuongea tena habari za kukaa.

Alichota maji mpaka mwaka wa sabini na nane. Homa ilimchukua kwa siku chache, na mtungi wa mwisho aliouleta tuliunywa sote tukiwa tumemzunguka. Mwaka uliofuata vita vilitutoa Koboko, tukavuka mpaka wa Kongo, na waliotupokea ng'ambo walikuwa ndugu wa jirani yetu, watu ambao hawakutujua, waliotuhamishia watoto wao chini ili sisi tulale juu ya mkeka. Tuliporudi baada ya miaka, mikaratusi ilikuwa imepandwa bondeni, na mikaratusi inakunywa kuliko ng'ombe. Chemchemi ikawa ndogo, ikawekewa saruji na bomba. Maji ni safi, sikatai, na wanawake hawainami tena. Lakini chura hana pa kubandika mayai kwenye saruji.

Upande wa juu, kipande kile ambacho shemeji hakukifyeka, miti ipo. Ni mzee sasa na hajamruhusu mtu kuingia na panga, hata wajukuu wake ambao wanataka kuni. Anasema mvua zikianza anawasikia, wachache. Mjukuu wangu atakwenda huko kusikiliza. Nimemwambia afumbe macho.

Mimi nawashukuru wote wanne. Niliingia nyumba ya watu ambao sikujua hata lugha yao, wakanipa sauti ya kufuata.

Sasa wenzangu wa Dranya na wa Dadamu mtakaosoma, kuna mambo sina hakika nayo. Jirani yetu nimesema ametoka Kongo, lakini kama ni Ariwara au Aba sikumbuki vizuri, na alinieleza mara nyingi, ni aibu. Kitalu nadhani kilikuwa kiangazi cha sabini na tano, lakini inawezekana ni cha mwaka uliofuata, kwa sababu mtoto wangu wa pili sikumbuki kama alikuwa tayari tumboni. Na miti iliyoangushwa, mimi nimeandika miwili, shemeji anashikilia kwamba ni mmoja. Anayejua zaidi yangu aje nyumbani anisahihishe. Nitamchemshia chai, na majina yote nitamtajia kwa mdomo.